Ukurasa wa Nyuki

4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba kile kikohozi chake kimeshaomba likizo. Sisi huku tupo. Mama anakusalimu. Mguu unamsumbua asubuhi tu; mchana anausahau kwa sababu anakuwa na kazi ya kunisimamia. Wifi yako hajambo, anasema nimenenepa. Nimemwambia ni suruali iliyorudi baada ya kufuliwa. Karakana inaendelea. Wiki jana nilimaliza kabati la nguo, zuri kweli, halafu nikagundua halipiti mlangoni. Usicheke. Niling'oa fremu, kabati likatoka, sasa mlango haufungi.

Binti yetu Hakimu naye bado ni Hakimu. Juzi mimi na wifi yako tulikuwa tunabishana juu ya ndoo, hata hatujafika mbali, sauti ikatoka chumbani: "Baba amekosa." Hakuitwa, hakuulizwa. Macho yake ni yale yale, hayajapanda wala hayajashuka. Masikio ndiyo yanayotutia hofu, maana hayaachi kitu.

Sasa nije kwenye lililonikalisha na kalamu. Jumamosi wazazi tuliitwa shuleni. Mwalimu mkuu alisimama akakohoa mara tatu, na mimi mtu akikohoa mara tatu kabla ya kusema huwa nashika mfuko. Akasema bajeti ya shule imepunguzwa, tubane matumizi. Chaki nusu ya zamani. Maktaba siku mbili kwa wiki, na mama wa maktaba akapumzike kwao. Tukaguna. Ndipo, akiwa anakunja karatasi zake kama mtu aliyemaliza, akasema: "Na darasa la uoni hafifu litafungwa mwisho wa mwaka. Mwalimu wake atahamishwa."

Dada, unalijua darasa lile. Watoto tisa, meza za mshazari nilizozipiga randa mwenyewe, vitabu vyenye herufi kubwa kama vibao vya duka, na yule mwalimu anayejua kila mtoto anaona wapi na haoni wapi. Sasa wachanganywe na wenzao themanini. Hakimu hata akae meza ya kwanza, ubao kwake ni ukungu mweusi. Atakaa pale kama mzigo uliosahauliwa stendi.

Nikamuuliza mwalimu mkuu kwa nini darasa hilo na si jingine. Akatazama viatu vyake. "Ni maelekezo ya juu, fundi." Mtu anayetazama viatu vyake ana jambo. Tena mlango wa stoo umetiwa kufuli jipya, kubwa kama kobe. Shule isiyo na chaki inafungia nini?

Wewe unakaa mahali karatasi zote za shule zinapopita. Niambie: nani kalilenga darasa la mwanangu?

Mdogo wako,
Fundi

27 Februari

Mdogo wangu,

Nimepata barua yako, na kwa jinsi bahasha ilivyonuka vanishi hata mhudumu wa ofisi alijua imetoka kwa nani. Sisi tu wazima. Shemeji yako bado anakohoa, lakini sasa anakohoa akiwa bustanini, kwa hiyo angalau bilinganya ndizo zinazosikiliza. Mpe Mama pole. Mwambie aache kukusimamia, fundi wa miaka arobaini na tisa ama ameiva ama ndiyo basi tena.

Kuhusu shule, mimi ni karani wa masjala. Majalada yanaingia, nayaandikia namba, yanatoka. Yaliyomo ndani si yangu. Wanaoamua wanakaa ghorofa mbili juu yangu, na hawashuki kuniuliza.

Tafadhali usinipigie simu ofisini kuhusu jambo hili. Simu yetu iko mezani kwa mkuu wa masjala, ambaye kazi hana lakini masikio anayo mawili mazima. Andika, tena utume nyumbani, si ofisini.

Msalimie Hakimu. Je, bado anaisoma ile habari ya nyuki?

Dada yako

15 Machi

Dada,

Shikamoo. Ninaandika nikiwa nimeegemea upande mmoja, na utajua sababu hivi punde. Mama ana nafuu. Wifi yako anasema hizo bilinganya za shemeji zikikohoa zitumwe huku, tuone.

Jumanne nilikwenda shuleni kwa kisingizio cha kukaza bawaba za madirisha. Nikazunguka nyuma ya stoo, nikageuza ndoo, nikapanda nichungulie. Ndani niliona mifagio kumi na miwili na toroli isiyo na gurudumu. Nikiwa bado natafuta hilo jambo kubwa lililofichwa, ndoo ikanipasukia. Mwalimu mkuu akatokea kwenye kona akanikuta nimeketi ndani yake.

"Fundi, umepotewa na kitu?"

"Natafuta bawaba, mwalimu."

"Ndani ya ndoo?"

Alinishika mkono kuniinua, na akanisindikiza mpaka getini kwa upole. Upole huo ndio unaonitia shaka. Mtu safi angenifokea.

Maana fikiria mwenyewe. Agosti iliyopita mkaguzi alikuja. Mwalimu wa darasa lile alikuwa kitandani na homa, kwa hiyo sisi wa kamati ya wazazi tukaambizana shule isiaibike. Nikajitolea. Wiki tatu, kila asubuhi, nikiwa napiga randa na Hakimu ameketi juu ya rundo la mbao, nilimsomea ukurasa wa kumi na mbili mstari kwa mstari, naye akanirudishia. Nikamfundisha na kukishika kitabu mbali kidogo, kama watu, asikipake puani. Siku ya siku mkaguzi akaomba mtoto mmoja asome kitabu cha kawaida. Mwalimu mkuu akakifungua pale pale tulipopanga, Hakimu akasimama, akateremka ukurasa mzima bila kukwama, mpaka "mzinga una vyumba vingi, na kila chumba kina pembe sita." Mimi niko kando ya kabati la vitabu, nimejibana nisipige makofi. Mkaguzi aliandika, akaandika, mpaka akageuza karatasi.

Sasa darasa lililong'ara hivyo linafungwaje? Hapo pana mkono wa mtu.

Na kuna jambo jingine, dada. Mambo ya nyuki sijawahi kukuandikia. Nilikuwa nakutunzia nije nikusimulie ana kwa ana. Mama hajui kuandika, wifi yako hajakuandikia tangu ule ugomvi wa mapazia. Nani kakwambia habari ya nyuki?

Mdogo wako anayekaa upande mmoja

6 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini nyote wazima.

Acha kumwandama mwalimu mkuu. Hana kosa kubwa kuliko la wengine. Stoo iache, ndoo ziache.

Nimejuaje habari ya nyuki, hilo siwezi kukuandikia. Usiulize tena.

Dada yako

20 Aprili

Dada,

Shikamoo.

Barua yako ilikuwa na mistari mitano na mmoja wapo ni salamu. Nimeisoma mara nyingi kuliko ilivyostahili. Mama akauliza, "Dada yako anasemaje?" Nikamwambia anasema nyote wazima. Akasema, "Na mengine?" Mama na Hakimu wametoka kiwanda kimoja.

Nimeitazama na bahasha. Gundi imepakwa mara mbili, na mimi gundi ndiyo maisha yangu. Ama uliifunga ukaifungua ukatoa karatasi fulani, ama kuna mtu aliifungua baada yako. Nikikaa karakana najikuta nakuwaza wewe badala ya kazi. Jana nimekata mguu wa meza mfupi kuliko wenzake, nikaifupisha yote minne, sasa mteja ana meza ya kahawa ambayo hakuagiza.

Nakuuliza kama ndugu wa tumbo moja: jalada la shule yetu lilipita mikononi mwako? Uliliona? Ulilipiga mhuri ukijua ni darasa la mtoto wa mdogo wako, kisha ukaniandikia habari za bilinganya? Kama unakinga kazi yako, sema unakinga kazi yako, nitaelewa. Lakini usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Wazazi tumeandika malalamiko, sahihi sitini na moja. Tumesema darasa linafanya vizuri mno na kwamba ukaguzi wa mwaka jana ni ushahidi. Mwezi ujao tutayaleta wenyewe huko ofisini kwenu, na mimi nitakuwa mbele. Tukikutana kwenye ngazi, utachagua kama unanijua.

Fundi

18 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Mama hajambo? Wifi hajambo? Hakimu je? Shemeji yako amepona kikohozi. Ninakuuliza yote haya kwa pamoja kwa sababu nikimaliza kuandika yanayofuata huenda usitake kunijibu salamu.

Nilikaa kimya miezi miwili. Mliposhindwa kuja kwa sababu ya nauli nilishukuru, Mungu anisamehe. Karatasi uliyoihisi kwenye bahasha ilikuwepo. Niliiweka, nikafunga, nikafungua, nikaitoa. Hakuna mtu mwingine aliyeigusa barua yako. Hii hapa, yenye maneno niliyoyanakili kwa mkono kutoka ripoti ya mkaguzi:

"Mwanafunzi wa darasa maalumu, msichana wa miaka kumi, alisoma habari ya nyuki katika kitabu cha kawaida, akiwa amekishika kwa umbali wa mkono, kwa ufasaha kuliko wanafunzi wa madarasa mengine. Haionekani sababu ya kuendelea kugharimia darasa hili."

Basi. Ndiyo hayo tu.

Ripoti iliingia masjala Oktoba. Nilipoisoma nilicheka peke yangu, tena kwa fahari. Mtoto asiyeona ng'ombe aliye hatua mbili anasoma kwa umbali wa mkono! Nilijua hapo hapo ni kazi yako, na nilijua umejifunza wapi. Umesahau ulivyopata zawadi ya kusoma darasa la pili, na hata herufi ulikuwa huzijui? Nani alikukaririsha, jikoni, wiki nzima? Mimi. Mama alichinja kuku.

Kwa hiyo nilicheka, nikaipa namba, nikaipeleka. Kuna karatasi ndogo tunazoruhusiwa kubandika juu ya jalada, "kuna shaka, lithibitishwe." Sikubandika. Nilisema moyoni, mtoto ameipa shule sifa, mimi nani niiondoe. Januari likaja agizo la kupunguza. Kisu kilikuwa kinatafuta pa kukata, na sisi watatu, wewe, mwalimu mkuu na mimi, tulikuwa tumeshakionyesha. Na yale malalamiko yenu ya sahihi sitini na moja mliyoyatuma kwa posta nimeyapokea pia. Yanasema kile kile alichosema mkaguzi. Yameongezwa kwenye jalada kama ushahidi wa kufunga.

Sikukwambia kwa sababu nakujua. Ungelibeba kosa lote peke yako. Na kwa sababu ningetakiwa kukwambia na kipande changu.

Sina haki ya kukushauri. Najua tu kwamba mzazi anaweza kuomba ukaguzi urudiwe, kama ana maelezo ambayo mkaguzi hakuyapata, yaliyoandikwa na kutiwa sahihi na mzazi mwenyewe. Barua za wazazi hupitia masjala. Zamu hii karatasi ndogo ninayo mkononi.

Dada yako

9 Julai

Dada,

Shikamoo. Wote wazima, isipokuwa mimi, ambaye ni mzima kwa nje.

Siku ya kwanza nilikasirika. Nilimtafuta wa kumkasirikia, nikaanza na mkaguzi, nikaenda kwa mwalimu mkuu, nikapita kwako, na kila mlango niliogonga nilikuta nimeshafungua mwenyewe kutoka ndani. Kumbe viatu alivyokuwa akivitazama mwalimu mkuu ni kwa sababu alishindwa kunitazama mimi. Alijua tangu Januari. Nilikwenda kumwomba radhi. Akasema, "Na mimi ndiye niliyefungua ule ukurasa, fundi." Tukakaa. Akanipa chai. Kufuli, kumbe, ni kwa sababu mifagio ilikuwa inaibwa.

Mwalimu wa darasa nilimkuta anapanga vitabu vyake kwenye maboksi. Nilimweleza. Akasema, "Miaka miwili namfundisha Hakimu akilete kitabu karibu na uso bila kuona haya. Wewe wiki tatu ukamfundisha akisogeze mbali." Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Barua ya kuomba ukaguzi nimeiandika mara nne. Ya kwanza ilikuwa na maneno "kwa nia njema" sehemu saba. Hii niliyoituma ofisini ina mistari minane: maneno ya mkaguzi kama ulivyoyanakili, kisha kwamba mtoto alikariri, kwamba hakuona hata neno, kwamba nilimfundisha mimi. Sahihi yangu imepinda, lakini ni yangu.

Kibarua kilikuwa kumwambia Hakimu mwenyewe. Alikuwa juu ya mbao zake, karakana. Nilimweleza kwamba mkaguzi atarudi, na safari hii asome asichokijua.

"Nitashindwa, baba."

"Najua."

"Mwaka jana ulitaka nishinde mbele ya watu. Sasa unataka nishindwe mbele ya watu hao hao."

"Ndiyo."

Akafikiri. Nikangoja hukumu, "Baba amekosa," maana ningeipokea. Hakuitoa. Akateremka kwenye mbao, akapapasa ukingo wa benchi mpaka mlangoni, akaenda kwa bibi yake. Siku tatu hakuamua ugomvi wowote ndani ya nyumba hii. Mimi na wifi yako tulibishana kwa makusudi tumvute. Wapi!

Sijui atafanya nini siku hiyo. Kwa mara ya kwanza sijamfundisha kitu.

Mdogo wako

24 Agosti

Dada,

Shikamoo na salamu nyingi. Mama kavaa lile vazi la sherehe tangu juzi, hataki kulivua, utajua kwa nini.

Mkaguzi alikuja Alhamisi, yule yule. Alikuja na barua yangu mkononi na uso wa mtu aliyetapeliwa, na sikumlaumu. Darasani tulikuwa mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa, wazazi kama kumi, na watoto tisa kwenye meza zao. Zamu hii alileta kitabu chake mwenyewe, kipya. Akampa Hakimu.

Hakimu alikishika. Akakileta mpaka kikagusa pua, mbele ya watu wote, akakizungusha polepole kutafuta mwanga. Nilimwona mwalimu wake akishusha pumzi. Kisha akasema, "Hiki sikijui," akakifunga.

"Jaribu mstari mmoja," mkaguzi akasema.

"Sioni mstari. Lakini ngoja nikusomee kile cha mwaka jana."

Akakigeuza kile kitabu kipya juu chini, kimefungwa, akakinyoosha mbele kwa umbali wa mkono kama nilivyomfundisha, akaanza. Nyuki wote, dada, kuanzia herufi ya kwanza. Kitabu kimefungwa, kimesimama kichwa chini, na yeye anateremka bila kukwama. Alipofika katikati hata aliigiza kugeuza ukurasa. Mkaguzi alianza kwa kukunja uso. Kwenye "kila chumba kina pembe sita" alikuwa ameshavua miwani yake na kuifuta, na haikuwa na vumbi.

Akauliza, "Nani alikufundisha hivi?"

Hakimu akanyoosha kidole. Akakinyoosha kwenye kabati la vitabu, kwa sababu mwaka jana ndipo niliposimama, na alijua mimi husimama hapo. Lakini safari hii kabati lilikuwa limesogezwa ukutani kwa ajili ya maboksi, na mimi nilikuwa upande wa pili kabisa, nyuma ya wazazi wenzangu, karibu na mlango. Kichwa cha kila mtu kikafuata kidole. Pale kwenye kabati hapakuwa na mtu. Mkaguzi akatazama kabati, akamtazama mtoto, na nadhani hapo ndipo alipoelewa bila ripoti.

Nakuapia, palikuwa na muda wa kutosha wa kunyamaza. Mlango ulikuwa wazi, na huu unafungika vizuri, niliutengeneza mimi.

Nikasema, "Niko huku, mwanangu."

Akageuka kwenye sauti, akarekebisha kidole mpaka kikanikuta barabara. "Huyo," akasema.

Watu walicheka, mimi pia, kwa namna yangu. Mkaguzi aliandika mistari michache tu, akasema majibu yatakuja kwa njia ya kawaida. Kwa hiyo tunangoja, na mimi nakutazama wewe, maana njia ya kawaida najua sasa inapita wapi. Mwalimu hajafungua maboksi bado. Anasema atafungua akiona karatasi. Na mimi sitaamini mpaka nilione boksi liko wazi.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani, Hakimu ameshika mkono wangu, akatoa hukumu yake. Imechelewa wiki sita, lakini ameitoa: "Baba alikosa. Lakini alijibu."

Fundi

15 Septemba

Mdogo wangu,

Natumaini mguu wa Mama umetulia na vazi limefuliwa. Shemeji yako anatuma bilinganya, ziko kwenye kikapu kwa yule dereva wa lori. Wifi asizikatae kwa sababu ya mapazia.

Uamuzi umepita jana, karatasi mtaiona ndani ya mwezi. Darasa linabaki na mwalimu anabaki, mpaka ukaguzi mwingine. Vitabu vipya hakuna, chaki ni ile nusu. Mwambie mwalimu afungue maboksi. Mwambie ni mimi nimesema.

Wakubwa walishuka masjala, mara ya kwanza katika miaka yangu kumi na nane. Walitaka kujua mzazi aliyajuaje maneno ya ripoti ambayo hayatolewi nje, maana barua yako, msema kweli wewe, iliyanukuu neno kwa neno. Tulisimamishwa makarani wanne. Wenzangu watatu waliwatazama wakubwa. Mkuu wa masjala alikuwa anautazama mlango. Barua yako ya Agosti ilikuwa ndani ya mkoba wangu, nilikuwa nimeisoma asubuhi ile, na hakuna aliyekuwa amenishuku. Nikasema, "Ni mimi."

Kuanzia Jumatatu nimehamishiwa mapokezi. Nakaa mbele kabisa, naona kila anayeingia, na jalada hata moja halipiti kwangu. Usiniandikie pole. Kiti walichonipa kimelegea mguu wa nyuma, nikigeuka kinanishusha. Njoo na gundi yako, na umlete Hakimu. Nitawaona tangu mkiwa getini.

Dada yako